Mume anasema viazi, mama mkwe anasema uyoga: nimpikie nini mwanangu?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Masasi mjini. Mume wangu anafanya biashara ya viazi mviringo. Mzigo anaagiza Njombe, unapita Songea, Tunduru, mpaka unatufikia sisi huku, kisha tunauza kwa gunia na kwa sado hapo hapo barazani kwetu. Kwa hiyo viazi nyumbani havikosi, hata siku ambayo hela haipo.

Mtoto wangu wa pili ni wa kike, ana miaka miwili na nusu. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, nesi akaiangalia kadi, akasema uzito umesimama, haujapanda tangu mara ya mwisho. Akaniambia, "Mama, mwongezee protini." Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi.

Nikamweleza mama mkwe kwenye simu. Yeye anakaa kijijini, upande wa Nachingwea. Mwaka huu mvua zimewakubali na uyoga umetoka kweli kweli. Siku ya tatu nikapigiwa simu stendi nikachukue mzigo: kiroba cha uyoga mkavu. Akaniambia, "Mkwe, hiyo ni nyama. Mpikie mjukuu wangu kila siku." Mpwa wake anayesoma chuo alimwonyesha kwenye simu jedwali linalosema uyoga una protini zaidi ya gramu 20 kwa kila gramu 100, sawa kabisa na nyama ya ng'ombe.

Baba watoto aliposikia akacheka. Naye akafungua simu yake akanionyesha jedwali lingine: uyoga ni maji kwa asilimia 92, protini gramu 3 tu. Akasema, "Utamshibisha mtoto kwa maji? Kiazi ndicho chakula, kina kila kitu. Wazungu wamekuzwa na viazi." Sasa nikipika uyoga anasusa, anakwenda kula chipsi stendi. Nikipika viazi, mama mkwe akipiga simu inabidi nimdanganye. Kibaya zaidi, yeye mama mkwe ana sukari, aliwahi kurudisha sado mbili za viazi alizotumiwa na mwanawe akisema vitamuua, na mume wangu hajalisahau hilo.

Viazi tunavyokula sisi wenyewe ni vile vinavyobaki, maana vizuri ni vya wateja. Vingine vimeota, vingine vimepata ukijani kwa kukaa juani. Namenya nene napika, sioni vizuri kutupa mali. Mkubwa wangu ndiye hulalamika kwamba vina uchungu na vinamwasha koo, lakini yule naye ni mtoto wa kuchagua chakula.

Jambo la mwisho. Kuna vijana wanapita na ndoo za uyoga mbichi, mweupe, mzuri, bei ya chini. Jirani alinifundisha kutia punje ya kitunguu saumu kwenye sufuria: kikibadilika rangi, mwaga. Nilinunua, nikapima, hakikubadilika, tukala, hakuna aliyeumwa. Naweza kuendelea nao?

Naomba unisaidie, Shangazi. Kati ya uyoga na viazi, chenye lishe ni kipi? Na nani mwongo, mume au mama mkwe?

Mama Wawili, Masasi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Swali lako nitalijibu, lakini kuna mambo mawili umeyaweka mwishoni mwa barua kana kwamba ni madogo. Ningekuwa jirani yako ningevuka ua leo hii kwa ajili ya hayo, uyoga na viazi vingengoja.

La kwanza ni hivyo viazi vya kijani. Mkubwa wako hachagui chakula. Ulimi wake unafanya kazi yake. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na ukijani wenyewe hauna ubaya, ni ile rangi iliyomo kwenye kila jani. Ubaya ni kwamba mwanga huo huo hukifanya kiazi kiongeze solanini, sumu ambayo mmea wa kiazi huitumia kujilinda na wadudu. Uchungu na kuwasha koo ndiyo alama yake. Ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo na ya kichwa, na mtoto mdogo huhitaji kidogo tu ili adhurike, maana mwili wenyewe ni mdogo. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga pia hakuiondoi vya kutosha kukupa amani. Nyingi hukaa kwenye ganda, kwenye sehemu ya kijani na kwenye machipukizi.

Kwa hiyo: kiazi kigumu chenye kijichipukizi kimoja au doa dogo la kijani, chimba pale kwa kisu, toa na nyama ya pembeni, kilichobaki kipike. Kilichoenea ukijani, kilichosinyaa na kuota ndevu pande zote, au kilichopikwa kikawa kichungu mdomoni, hicho ni cha kutupa. Usiwape hata kuku. Na kwa kuwa nyumba yenu ni ya biashara, mwambie baba watoto atoe magunia barazani. Viazi vinataka giza, hewa na ubaridi kiasi. Chumba cha ndani, magunia yamepangwa juu ya mbao, yamefunikwa kwa viroba vinavyopitisha hewa, basi. Hasara ya viazi vya kijani anaipata kwanza yeye, kabla hata haijafika kwenye sufuria yako, na hapo ndipo nadhani atakusikiliza haraka.

La pili ni kitunguu saumu. Mwanangu, jirani yako ana nia njema, lakini kipimo hicho hakipimi kitu. Mlikula mkapona kwa sababu uyoga ule haukuwa na sumu. Kitunguu hakikuhusika. Sumu zinazoua katika uyoga hazikigeuzi rangi kitunguu, hazikigeuzi cheusi kijiko cha fedha, na wala hazimzuii konokono au funza kuula uyoga huo na kuendelea na safari yake. Hazifi kwa kuchemshwa na hazitoki kwa kuanikwa. Tena uyoga unaoua unaweza kuwa mweupe, mzuri, na waliopona husema ulikuwa mtamu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wengi hawalijui, nataka ulishike. Uyoga unaomtapisha mtu saa moja au mbili baada ya kula ni mbaya, lakini kwa kawaida siyo huo unaoua. Ule wa kuogopwa hukaa kimya. Mnakula jioni, mnalala, tumbo linaanza usiku wa manane au asubuhi, saa 6 hadi 12 baadaye au zaidi. Mtu anatapika na kuharisha, halafu anapata nafuu siku nzima, nyumba inashukuru Mungu. Wakati huo ini linaharibika. Siku ya tatu macho yanakuwa ya njano. Ndiyo maana mtu akiumwa baada ya kula uyoga haendi kulala wala hanyweshwi maziwa na mkaa. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na mabaki ya uyoga yanachukuliwa kwenye mfuko, mabichi au yaliyopikwa, daktari ayaone. Wote waliokula sufuria moja wanakwenda, hata asiyeumwa.

Vijana wa ndoo uachane nao, kama huwezi kujua umechumwa wapi na nani kauchagua. Uyoga wa mama mkwe ni habari nyingine. Bibi wa kijijini Nachingwea aliyechuma vichuguu vile vile kila masika tangu yuko mwali anaujua uyoga wake kwa shina, kwa harufu, kwa mti ambao uyoga huo huota chini yake. Muulize tu swali moja, kwa adabu: "Mama, umeuchuma mwenyewe?" Akisema ndiyo, pika. Akisema amenunua kwa wapita njia, kaa nao mbali vilevile.

Haya, sasa ugomvi wenu.

Nani mwongo? Hakuna. Yale majedwali mawili yote ni ya kweli, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Jedwali la mume linahesabu uyoga mbichi. Jedwali la mpwa linahesabu uyoga mkavu. Kilo 10 za uyoga mbichi ukizianika vizuri zinakuachia kama kilo 1, na protini yote iliyokuwa kwenye zile 10 imejibana kwenye hiyo moja. Wewe mtu wa kusini hili huhitaji darasa, unajua kilo ya ng'onda, papa aliyekaushwa, si sawa na kilo ya papa mbichi. Kwa hiyo uyoga mbichi una protini gramu 3 hivi kwa gramu 100, mkavu una gramu 20 na kitu, kutegemea aina. Lakini nani anakula gramu 100 za uyoga mkavu? Hizo ukiziloweka zinajaa bakuli kubwa la kutosha familia. Mtoto wako akipata kiganja chake kidogo cha uyoga mkavu, tuseme gramu 10, amepata protini gramu 2 na kidogo. Yai moja lina gramu 6.

Kusema ni "sawa na nyama" basi ni kweli kwenye jedwali tu. Kwenye sahani ya mtoto wa miaka miwili na nusu haiko hivyo.

Sasa mume naye asishangilie mapema. Anacheka uyoga kwamba ni maji, kiazi chake anachouza ni maji kwa asilimia 79. Gunia lote lile linalotoka Njombe, karibu sehemu nne kati ya tano ni maji yaliyopanda lori. Protini ya kiazi ni gramu 2 kwa gramu 100, chini ya uyoga mbichi. Kinachokipa kiazi heshima yake ni wanga: gramu 17 hivi, ambazo zinakipa nguvu ya kalori 77 kwa gramu 100. Uyoga mbichi unatoa kalori 22 mpaka 33. Ukitaka nguvu iliyomo kwenye kilo moja ya viazi, inabidi ule uyoga karibu kilo tatu, na hakuna tumbo la mtoto linalobeba hizo.

Kiazi pia kina vitamini C, kama miligramu 20 kikiwa kibichi, na uyoga karibu hauna. (Ingawa kwa vitamini C, watu wa Masasi kulilia kiazi cha Njombe huku mabibo yanaoza chini ya mikorosho kila msimu, ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Bibo lina vitamini C kupita chungwa, tena mara kadhaa.) Kina potasiamu nyingi, na ukikichemsha na ganda lake inabaki ndani. Ukikimenya, ukakikata vipande vidogo na kumwaga maji, umemwaga sehemu ya hayo yote. Kwa hiyo vile vizuri, visivyo na kijani, osha, chemsha na maganda, menya vikipoa.

Uyoga nao una yake ambayo kiazi hakina. Vitamini za kundi B, hasa B2 na niasini, umekizidi kiazi waziwazi. Una seleniamu na shaba. Na una jambo moja ambalo mboga nyingine hazina: ukipigwa na jua, hata baada ya kuchumwa, hutengeneza vitamini D. Kwa hiyo mama mkwe alipoukata na kuuanika juani, sehemu ya chini ya kofia ikitazama juu, hakuuhifadhi tu, ameuongezea kitu. Mwambie hivyo, atafurahi.

Ndiyo maana swali la "kipi chenye lishe zaidi" halina jibu moja. Kiazi kiko upande wa ugali, wali, muhogo na ming'oko, kazi yake ni kumpa mtu nguvu na kumshibisha. Uyoga uko upande wa mboga. Ukiondoa ugali ukaweka uyoga, nyumba italala na njaa. Ukiondoa mboga ukaweka kiazi juu ya ugali, umeweka wanga juu ya wanga. Mume wako na mama yake wanashindanisha vitu ambavyo vingekaa sahani moja bila kugusana bega.

Mimi ninachokijali zaidi ni vile ambavyo vyote viwili havina, kwa sababu hapo ndipo uzito wa mtoto wako unaweza kuwa umekwama. Mafuta hayamo: kiazi kina gramu 0.1, uyoga gramu 0.3, yaani hakuna. Vitamini A haimo kwenye kiazi cheupe wala kwenye uyoga. Vitamini B12, ile ya kutengeneza damu inayopatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, humo usiitegemee. Na madini ya chuma ni kidogo kotekote. Mtoto anayelishwa viazi vya kuchemsha asubuhi na mchana, uyoga jioni, anajaza tumbo dogo kwa vyakula vyenye maji mengi na nguvu kidogo. Anashiba, haongezeki. Nesi alisema protini, na amesema kweli, ila mimi ningeongeza: na mafuta, na mara za kula.

Na huko kwenu, mwanangu, mmekaa juu ya hazina. Korosho ina protini gramu 18 hivi na mafuta zaidi ya gramu 40 kwa gramu 100, na vile vipande vilivyovunjika vinauzwa bei ya chini kuliko nzima ilhali tumboni ni kitu kile kile. Karanga ndiyo hivyo hivyo. Nazi iko. Choroko, kunde na mbaazi ziko: bakuli la kunde zilizopikwa lina protini kama gramu 8 kwa gramu 100, kuliko uyoga mbichi mara mbili na zaidi. Dagaa wakavu wa Mtwara au Lindi wanafika mpaka soko lenu.

Fanya hivi. Chukua uyoga mkavu wa mama mkwe, kiasi cha kujaza konzi yako. Ukung'ute mchanga, uoshe haraka, uloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa. Yale maji usiyamwage, yachuje kwa kitambaa, maana vitamini B zinayeyuka humo, na mchanga unabaki chini. Kata uyoga vidogo vidogo sana kwa ajili ya mtoto, kwa sababu ni mgumu kutafuna na usipotafunwa unatoka ulivyoingia. Kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, tia maji yake, acha uchemke vizuri kabisa. Usimpe mtu uyoga mbichi au nusu mbichi. Ponda vipande vya korosho kwenye kinu mpaka viwe unga wenye mafuta, koroga na tui zito, mimina. Pika moto mdogo mpaka rojo lishike kwenye mwiko. Mwishoni tia konzi ya mchicha au matembele yaliyokatwa. Chumvi kidogo.

Viazi vilivyochemshwa na maganda menya, viponde viwili au vitatu vya mtoto pamoja na rojo hilo. Siku nyingine badala ya uyoga weka dagaa waliotolewa vichwa, wakakaushwa kwenye kikaango na kutwangwa unga. Kijiko kimoja kikubwa kinaingia kwenye chakula chake bila yeye kujua. Siku nyingine choroko. Yai ukilipata, lake. Ukiona viazi lishe sokoni, vile vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, nunua hata kama nyumba imejaa viazi mviringo, kwa sababu hivyo ndivyo vyenye vitamini A. Mtoto wa umri huo anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku, haifiki hata mayai matatu. Haishindikani. Mpe milo mitatu na katikati kitu kidogo mara mbili: ndizi, karanga zilizosagwa kwenye uji, kipande cha muhogo wa kuchemsha na chai ya maziwa. Karanga na korosho nzima usimpe, zinapalia.

Kuhusu chipsi za stendi, sitasema mengi, mume wako ni mtu mzima. Ila kiazi kile kile chenye kalori 77 kikipita kwenye karai la mafuta kinafika kama 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Asije akakuambia kwamba chipsi na kiazi cha kuchemsha ni kitu kimoja.

Mama mkwe na sukari yake: kiazi cha kuchemsha hupandisha sukari kwenye damu upesi, kwa hiyo hakukosea kukiogopa, ila si sumu kwake. Kimoja cha ukubwa wa yai, pamoja na kunde na mboga za majani, na siku hiyo ugali upungue, anaweza kula, kwa kadiri daktari wake alivyompangia. Uyoga kwake ni mboga nzuri sana, wanga wake ni kidogo. Na mwanawe alielewe hilo: mama hakurudisha viazi kwa dharau. Aliambiwa achunge wanga, akachunga. Wewe usiwe wa kulieleza hilo, wasije wakasema mkwe anaingilia. Mwombe mume ampigie mama yake amuulize kuhusu dawa na chakula, waongee wenyewe.

Kudanganya kwenye simu acha. Hakuna haja tena, utakuwa unapika vyote viwili. Na baba watoto usimwendee na hoja za barua hii jioni akiwa amechoka kupakua gunia. Mpikie kwanza. Rojo la uyoga kwa korosho na tui, viazi vyake mwenyewe pembeni, vile vya wateja, siyo vya kubaki. Mwache ale. Akiuliza mboga gani hii, mwambie. Habari ya kuhamisha magunia ndani ianze hapo hapo, ukimwonyesha kiazi kimoja cha kijani mkononi na kumwuliza hicho angeuza shilingi ngapi.

Mwezi ujao mrudishe mtoto kliniki na kadi yake. Safari hii, hata foleni ikiwa ndefu, mwambie nesi kila anachokula kwa siku, na mara ngapi. Uzito ukiwa bado umesimama licha ya chakula hicho, omba apimwe minyoo, malaria na damu, kwa sababu wakati mwingine chakula kinaingia vizuri na kuna kitu ndani kinakila. Na kabla ya mwezi kuisha, akianza kukataa kula, kuharisha, au miguu kuvimba, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo.

Mume akikuuliza nani amekutia maneno ya solanini kichwani, nitaje mimi. Mimi hanijui na viazi vyake sili kwa mkopo.

Shangazi